Naombeni ushauri: niache kombinatoriki niende kwenye programu?

Kipeo6: Wakuu, heshima kwenu. Nina uzamivu wa hisabati, upande wa kombinatoriki, yaani hisabati ya kuhesabu na kupanga vitu. Nashughulika na nambari za Ramsey: kundi liwe na watu wangapi ili lazima wapatikane kadhaa wanaofahamiana wote, au kadhaa wasiofahamiana kabisa. Tangu nihitimu nimeshika mikataba mitatu mifupi ya utafiti, na huu wa sasa unaisha miezi minne ijayo. Kampuni ya programu za kompyuta imenipa kazi ya kudumu. Silali. Niende au nivumilie?

MamaHesabu: Pole mdogo wangu. Mimi niliacha aljebra nikaenda kufundisha sekondari. Mwaka wa kwanza nililia, ila hadi leo usiku nafungua daftari langu.

Kalamu_Moja: Vumilia! Szemerédi aliacha masomo ya udaktari wa tiba, na 2012 akapewa Tuzo ya Abel ya hisabati. June Huh aliacha shule akitaka kuwa mshairi. 2022 akapata Medali ya Fields, nayo ya hisabati.

Nukta: Hao ni walioshinda, walioshindwa hatuwasikii. Mleta mada, una machapisho mangapi?

Kipeo6: Manne. La tano, lile kubwa, liko kwa wakaguzi wa jarida.

Nukta: Sasa si usubiri majibu? Kuna kitu hujasema.

Kipeo6: Lema ya tatu ya chapisho hilo (hatua ndogo ya uthibitisho) ina shimo. Nimeliona wiki tatu zilizopita. Nilichukulia rangi za kingo (mistari inayounganisha nukta) hazitegemeani hata baada ya kuchagua kipeo (nukta mojawapo), kumbe zinategemeana. Mwandishi mwenzangu hajui. Na mkataba wa kampuni nimeshasaini. Msinihukumu, huenda matokeo yenyewe ni ya kweli.

Mzee_Kitabu: Kijana, mwambie mwenzako leo. Mwanahisabati Kempe alitoa uthibitisho 1879 kwamba rangi nne zinatosha kupaka ramani yoyote bila majirani kufanana rangi. Heawood akaonyesha kosa lake 1890, na kutoka humohumo akathibitisha kwamba rangi tano zinatosha. Mbinu ya Kempe, iitwayo minyororo ya Kempe, ilitumika tena Appel na Haken walipofaulu kuthibitisha rangi nne 1976. Shimo likisemwa, wengine hujenga juu yake.

Paka_Mweusi: Hii chai. Mtu wa Ramsey asiyetaja namba hata moja? R(5,5), yaani ile ya watano wanaofahamiana au watano wasiofahamiana, ni ngapi?

Kipeo6: Hakuna anayeijua. Iko kati ya 43 na 46. Hiyo 46 ni ya Angeltveit na McKay, 2024. R(4,4) ni 18. R(3,3) ni 6: chukua watu sita, mtazame mmoja. Kati ya watano waliobaki, lazima wapo watatu anaowafahamu au watatu asiowafahamu. Tuseme anawafahamu. Wawili kati yao wakifahamiana, umepata watatu wanaofahamiana. Wasipofahamiana hata wawili, hao watatu ni wageni kwa wageni. Siku nilipoelewa hilo ndiyo siku niliyochagua maisha haya, Paka. Sijatunga.

Paka_Mweusi: Nimekuelewa mkuu. Samahani.

Kalamu_Moja: Kwa hiyo kwenye kikundi chetu cha watu sita...

MamaHesabu: Kalamu, ngoja kwanza. Mdogo wangu, umemwandikia mwenzako?

Kipeo6: Nimetuma sasa hivi, na ukurasa wenye lema nimeuambatanisha. Kazini nitaripoti kama nilivyosaini. Simu inaita, ni yeye.