Binti wa miaka 15 kabakwa, wazee wanataka yaishe nyumbani: tuzuieje kesi isifie njiani?

KamatiYaKata_Moshi:

Habari zenu wakuu. Nauliza kwa niaba ya kamati yetu ya kata ya ulinzi wa wanawake na watoto (MTAKUWWA), huku Moshi. Hatua ya kwanza tunaijua, binti anapelekwa Dawati la Jinsia na Watoto, RB (namba ya taarifa kwenye kitabu cha polisi) inatolewa. Baada ya hapo mambo yanapotelea hewani.

Chukueni mfano huu. Binti yuko kidato cha 2, ana miaka 15, mtuhumiwa ni mtu wa ukoo au jirani. Haziishi siku mbili wazee wanabisha hodi na majani ya sale (jani la Kichaga la kuombea msamaha na amani), mbuzi, na ahadi ya kumlipia ada. Mama anaogopa kutengwa na ukoo. Binti anaitwa mbele ya watu kumi na kuulizwa "ulikuwa unatafuta nini kule?" Miezi inapita, tunasikia kesi imeondolewa, mashahidi hawakufika.

Naomba wanaojua watusaidie: (1) nini kifanyike saa za mwanzo, (2) kesi hizi hufia wapi hasa, na (3) wazee tuwajibu nini bila kugeuza mtaa mzima kuwa maadui. Tafadhali msinipe "mpelekeni polisi", hilo tumeshalifanya.

Tabibu_Njoro:

Nitajibu la kwanza tu. Hospitali kwanza, karatasi baadaye. Kwa Moshi ni Mawenzi au KCMC, kwa Arusha ni Mount Meru, na ulizeni kituo cha Mkono kwa Mkono, pale ambapo daktari, polisi na ustawi wa jamii wanamhudumia binti mahali pamoja asiwe anarudia habari ile ile kwenye kila dirisha. PF3, ile fomu ya polisi ambayo daktari anaijaza, ni muhimu sana, lakini matibabu ya dharura hayasubiri PF3. Mkiambiwa mrudi kituoni kwanza wakati saa zinakwenda, ombeni kuonana na daktari wa zamu.

Saa zenyewe ni 72. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU (PEP) lazima zianze ndani ya muda huo, na saa ya 3 ni bora kuliko ya 60. Zinamezwa siku 28 bila kuruka. Wengi huziacha njiani kwa sababu ya kichefuchefu, au kwa sababu binti anazificha asiulizwe na ndugu anameza nini. Chagueni mtu mzima mmoja ndani ya nyumba ajue siri hiyo na amsimamie kila siku, baada ya chakula. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hutolewa hadi siku ya 5, ila vinafanya kazi vizuri zaidi vikimezwa mapema. Kuna pia dawa za magonjwa ya zinaa na chanjo ya homa ya ini aina B. Halafu kuna kurudi: kipimo cha mimba baada ya wiki 3 au 4, kipimo cha VVU wiki ya 6 na tena mwezi wa 3. Huku kurudi ndiko kunakosahaulika, maana kufikia hapo familia imeshachoka na kila mtu anataka kusahau.

Asioge wala asifue kabla ya kupimwa. Nguo alizovaa, hasa chupi, na shuka kama lipo, kila kimoja kiwekwe kwenye bahasha yake ya karatasi. Msitumie rambo: nailoni inatunza unyevu, nguo inaota ukungu na sampuli inaharibika. Kama ni mbichi ianikwe kivulini kwanza. Anayezikabidhi kwa mpelelezi aandike jina lake, tarehe na saa, na mpelelezi asaini kuwa amepokea. Akiwa ameshaoga, au siku zimepita, bado mleteni. Hata baada ya wiki kuna mengi ya kutibu.

Sasa PF3 yenyewe. Shida si kukosekana, shida ni kujazwa kwa mstari mmoja: "bikira haipo". Huo mstari peke yake haumsaidii mtu. Daktari aandike saa ya uchunguzi, hali ya binti alivyofika, kila jeraha na mahali lilipo na ukubwa wake, sampuli alizochukua na aliyemkabidhi. Na akikuta hakuna michubuko aandike hivyo hivyo, asigeuke hakimu. Binti aliyeganda kwa hofu anaweza asiwe na mkwaruzo hata mmoja.

WakiliKijenge:

Tabibu kasema vema. Mimi nachukua swali la 2.

Kwanza muwe na uhakika na jambo moja, kwa sababu wazee hulitumia kuwatisha akina mama. Mlalamikaji katika kesi ya jinai ni Jamhuri. Binti ni shahidi, mama ni shahidi. Hakuna hata mmoja mwenye mamlaka ya "kufuta kesi", na kubaka si kosa la kupatanishwa mahakamani kama ugomvi wa kawaida. Chini ya kifungu cha 130 cha Kanuni ya Adhabu, baada ya marekebisho ya mwaka 1998, aliye chini ya miaka 18 hana ridhaa ya kutoa. Kwa hiyo hoja ya "walikuwa wapenzi" haimwokoi mtu mzima. Adhabu ni kuanzia miaka 30, na mtoto akiwa chini ya miaka 10 ni maisha. Kupenya hata kidogo kunatosha, na haihitajiki alama ya kupigana. Mtuhumiwa akiwa naye ni kijana asiyezidi miaka 18, kifungu cha 131 kina adhabu zake tofauti, msiwaahidi watu miaka 30.

Sasa kesi zinafia wapi.

Umri. Kila mtu mahakamani anamwona binti ni mdogo, lakini kumwona si kuthibitisha. Umri ndio moyo wa shtaka lenyewe, na usipotolewa ushahidi rufaa inabomoa kila kitu. Mahakama ya Rufani imeshasema katika kesi ya Issaya Renatus kwamba umri unaweza kuthibitishwa na binti mwenyewe, mzazi, ndugu, daktari au cheti cha kuzaliwa. Basi mama akipanda kizimbani aseme tarehe ya kuzaliwa kwa kinywa chake. Kama cheti cha kuzaliwa cha RITA (wakala wa serikali wa usajili wa vizazi) hakipo, aje na kadi ya kliniki au cheti cha ubatizo. Hakikisheni vinakubaliana. Cheti kinasema 2009, hati ya mashtaka inasema 2010, wakili wa utetezi ataanzia hapo hapo.

Tarehe. Hati ya mashtaka inasema 12 Machi, binti anasema "ilikuwa mwezi wa nne". Kosa hili ni dogo kulirekebisha na ni kubwa likiachwa. Watoto hawakumbuki kalenda, wanakumbuka matukio: siku ya gulio, Jumapili ya matawi, wiki ya mitihani. Mpelelezi aandike hayo, kisha atafute tarehe. Kesi ikiwa imeshaanza na tofauti ikaonekana, wakili wa serikali anaweza kuomba kubadilisha hati ya mashtaka kabla ya hukumu. Akilala, ndiyo basi.

Kumtaja mtuhumiwa. Mahakama inatazama sana kama binti alimtaja mapema. Akichelewa si mwisho wa kesi, ila sababu ya kuchelewa itolewe kwa ushahidi: alitishwa, mtuhumiwa analala nyumba hiyo hiyo, mama alikuwa safarini. Waendesha mashtaka wengi wanaruka swali hili, halafu utetezi unaliuliza kwa namna yake.

Ahadi ya kusema ukweli. Mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila lazima aahidi mahakamani kwamba atasema ukweli na hatasema uongo, na hakimu aiandike ahadi hiyo. Ndivyo ilivyo tangu marekebisho ya 2016. Ikikosekana kwenye mwenendo (kumbukumbu za kesi), ushahidi wake wote unaweza kutupwa kwenye rufaa. Binti wenu wa 15 ataapa kama mtu mzima, msichanganye.

PF3 isiyosomwa. Hati ikipokelewa kama kielelezo lazima isomwe kwa sauti ili mshtakiwa aielewe. Isiposomwa inaondolewa. Habari njema ni kwamba kesi inaweza kusimama bila PF3. Tangu kesi ya Selemani Makumba ya 2006 msimamo ni kwamba ushahidi bora wa kubakwa ni wa aliyebakwa mwenyewe, na sheria inaruhusu kumtia mtu hatiani kwa ushahidi huo peke yake mahakama ikiridhika kuwa anasema kweli. Vinasaba pia si sharti. Majibu ya Mkemia Mkuu yakichelewa, kesi isikae inayasubiri wakati mashahidi wanahama mmoja mmoja.

Mwisho ni maandalizi, na hapa nawalaumu wenzangu wa mashtaka. Wakili wa serikali akionana na binti kwa mara ya kwanza asubuhi ile ile kwenye korido, mshtakiwa amekaa benchi la pili, mtegemee kimya. Ana wajibu wa kumpitisha kwenye maelezo aliyoyatoa polisi, kumweleza nani atakaa wapi, kumwambia kwamba "sikumbuki" ni jibu halali. Hiyo si kumfundisha cha kusema. Na ushahidi wa binti unatolewa faraghani, hiyo ni sheria, si hisani. Shangazi wa mshtakiwa akiwa ndani, ombeni atoke. Binti aruhusiwe kusema sehemu za mwili kwa maneno ya kwao, "kidudu chake", "aliniingizia kitu chake huku", mahakama zinaelewa na zimekubali mara nyingi. Akiwa anaelewa zaidi Kimaasai au Kichaga, mkalimani aombwe mapema.

UstawiSakina:

Swali la 3 ndilo linalowashinda wengi, maana wazee si wajinga na mara nyingi hawana nia mbaya. Wanalinda ukoo. Jani la sale lina uzito wake, mtu akiletewa akakataa anaonekana kavunja mila. Kwa upande wa Arusha utasikia ng'ombe na vikao vya malaigwanani (viongozi wa mila wa Kimaasai), mantiki ni ile ile: kosa limekuwa la familia mbili, binti mwenyewe hayumo.

Msiwapige wazee vita vya maneno. Waambieni hivi: "Sale tunaipokea kwa ajili ya amani kati ya nyumba hizi mbili, watoto wetu wataendelea kuchota maji pamoja. Kesi ni ya serikali, hatuna uwezo nayo." Inawapa mlango wa kutokea bila aibu. Fedha, mbuzi na karatasi ya "makubaliano" vikataliwe kabisa, maana kupokea malipo ili kosa la namna hii lifichwe ni kosa lenyewe, na mtendaji anayegonga muhuri kwenye karatasi hiyo anajiweka pabaya. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mwanajamii anayejua mtoto ameumizwa atoe taarifa, na mwenyekiti wa mtaa ni mwanajamii.

Wakija na pendekezo la ndoa, jibu ni fupi. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa vilivyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18 ni kinyume cha Katiba. Na Sheria ya Elimu, tangu 2016, inatoa hadi miaka 30 kwa anayeoa au kumpa mimba mwanafunzi.

Kikao cha kumhoji binti mbele ya ukoo kisifanyike, hata kwa nia njema. Kila anapolazimishwa kurudia, maneno yanabadilika kidogo, na watu kumi waliosikia wanaweza kuitwa na utetezi kueleza matoleo kumi.

Anapolala ndilo swali la usiku wa kwanza. Kama mtuhumiwa yuko kwenye uwanja ule ule wa ukoo, ofisi ya ustawi itafute ndugu wa kuaminika au nyumba salama, lakini karibu na shule yake. Nimeona ripoti nyingi zenye sentensi "mtoto alihamishiwa kwa bibi Rombo", kisha shahidi hapatikani na shule imekatika. Anayepaswa kuhama ni mtuhumiwa. Mwambieni wakili wa serikali mapema ili dhamana ikiombwa aeleze mahakama kuwa wanaishi jirani na aombe masharti ya kutomkaribia.

Mwl_Pasua:

Nyongeza kwa shule. Mwalimu mmoja tu, wa malezi, ajue. Siku za mahakama aandikiwe ruhusa isiyotaja sababu, si "amekwenda kwenye kesi" kwenye daftari la mahudhurio ambalo kila kiranja analishika. Ikitokea mimba, waraka wa elimu wa 2021 unamruhusu kurudi mfumo rasmi baada ya kujifungua. Walimu wakuu wengine bado wanajifanya hawajauona.

KamatiYaKata_Moshi:

Asanteni sana, mmetupa kazi ya kufanya. Mawili ya mwisho. Kesi ikishaondolewa kwa sababu mashahidi hawakufika, ndiyo imekwisha? Na akiwa ni mvulana?

WakiliKijenge:

Inategemea imeondolewaje. Ikiondolewa kabla mshtakiwa hajaanza kujitetea, kwa kawaida ameachiwa tu, hajafutiwa kosa, na anaweza kushtakiwa upya kwa kosa hilo hilo. Andikeni barua ofisi ya mashtaka ya mkoa, mweke namba ya RB, namba ya kesi, majina ya mashahidi waliopo na simu zao, nakala kwa ustawi wa jamii. Barua fupi yenye namba inafanyiwa kazi kuliko kurasa tatu za malalamiko. Mara nyingi shahidi "hakufika" kwa sababu wito ulipelekwa kwa mwenyekiti ambaye ni shemeji wa mshtakiwa, au hakuwa na nauli ya kutoka Uru. Kamati inaweza kumaliza hayo mawili bila sheria yoyote: mtu mmoja awe na tarehe zote za kesi, apige simu siku 3 kabla, na nauli ijulikane inatoka wapi.

Mvulana: shtaka linakuwa kulawiti, kifungu cha 154, na aliyelawitiwa akiwa chini ya miaka 18 adhabu ni kifungo cha maisha. Hospitali ni ile ile, saa 72 ni zile zile, PEP ni ile ile. Wavulana huchelewa zaidi kusema, kwa hiyo lile la kueleza sababu ya kuchelewa mlitilie mkazo mara mbili. Na kwa yeyote kati yao, usiku ambapo ofisi zimefungwa, 116 ni simu ya bure ya mtoto.