Ushauri: wanafunzi 22 kwenda Tanga, wenyeji hawataki malipo

Mwalimu_Majengo
Assalam aleikum. Tunapeleka wanafunzi 22 wa kidato cha tatu kutoka Mombasa hadi Tanga, Alhamisi hadi Jumapili, kupitia mpaka wa Lunga Lunga. Wazee wa mtaa mmoja kule wamejitolea kuwalaza majumbani mwao, na tulipouliza gharama wakatujibu kwamba mgeni halipi. Naomba msaada: karatasi za mpakani ni zipi, na hisani kama hii hurudishwa vipi bila kuwavunjia watu heshima?

Karani_Kilindini
Mwalimu, kitambulisho cha shule hakivushi mtu. Kila mtoto awe na pasipoti au hati ya muda ya kusafiria. Viza Mkenya hahitaji. Maombi hupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, na aliye chini ya miaka 18 hutakiwa cheti cha kuzaliwa na idhini ya mzazi. Anza na wale ambao jina la cheti na la shuleni hayalingani, Mohamed huku na Muhammad kule. Hao ndio hukwama.

Kinachoangusha makundi hasa ni kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo huanza kuhesabiwa siku ya 10 baada ya sindano. Aliyedungwa Jumatatu hawezi kuvuka Alhamisi kihalali, hata kadi iwe na mhuri unaong'aa. Baada ya hapo ni ya maisha. Zile kadi za zamani zilizoandikwa miaka 10 bado zinafaa.

Suka_wa_Likoni
Mkikodi basi la hapa, dereva abebe logibuku (hati ya umiliki wa gari), barua ya mwenye gari na bima ya COMESA, ile ya gari likivuka mpaka. Bima hiyo nayo, kama ile ya chanjo, huitwa kadi ya njano, basi mwambie wazi, asije akakuletea ya chanjo akadhani kamaliza kazi. Piteni barabara ya Dongo Kundu, foleni ya feri ya Likoni muwaachie wengine. Mifuko ya plastiki iacheni nyumbani, Tanzania waliipiga marufuku tangu Juni 2019. Na kabla basi halijaondoka mpakani, mwalimu mmoja akague pasipoti zote: mhuri wa kutoka Kenya, mhuri wa kuingia Tanzania. Ukikosekana mmoja, usumbufu wake mtauona Jumapili mkirudi.

Bi_Mkubwa_Kibokoni
Haya, mwanangu, tuje kwenye hisani. Bahasha ya pesa usithubutu, tena mbele ya watoto! Wagawe wawili wawili, nyumba 11, wasichana nyumba zao na wavulana zao. Kila nyumba peleka mchele kilo 5, sukari kilo 2, mafuta lita 2 na majani ya chai. Vitu hivyo vinunueni Tanga kwenyewe, maana shehena ya sukari mpakani huleta maswali ya ushuru. Mpeni mama mwenye nyumba siku ya kwanza, kabla hajapika. Ukimpa siku ya kuondoka inakuwa kama umelipa bili.

Cha kubeba kutoka hapa ni kanga, doti moja kwa kila mama, mtaa wa Biashara zimejaa. Lakini jina la kanga, yale maneno yaliyoandikwa juu yake, lisome kabla ya kulipa! Ziko za vijembe, na mwenyeji wako hatakuuliza ulimaanisha nini, atainyamazia tu.

Watoto waambiwe pia: aliyewapa chumba huenda yeye analala ukumbini, kwa hiyo simu na vicheko mwisho saa nne usiku. Maji wasiyamalize kwenye pipa bila kuteka mengine. Mwenye mzio wa samaki au karanga asemewe mapema kwa simu. Akisusa sahani mezani, mpishi huumia.

Mwalimu_Majengo
Shukran sana, Bi Mkubwa. Je, wakikataa hata mchele?

Bi_Mkubwa_Kibokoni
Usibishane mlangoni. Mkabidhi mzee wa mtaa, umwambie ni futari ya madrasa au sadaka ya msikiti, atajua pa kuipeleka. Kanga hawatakataa.

Karani_Kilindini
Na kama kuna mtoto hata mmoja hajachanjwa, sogezeni tarehe leo, kabla hamjalipia basi.