Tufe gumu, marisaa au kombora: mwaka 1815 ungejaza nini mzingani?

Chatu wa Rufiji:
Wakuu, habari za saa hizi. Kijiweni tumebishana mpaka kahawa imepoa. Mwenzangu anadai majeshi ya enzi za Napoleon yalijitesa bure kubeba matufe ya chuma yasiyo na kitu ndani, na huku marisaa ya mkebe yapo, makombora ya kupasuka, yaani matufe yenye baruti ndani, yapo. Mbona makasha yao yalijaa matufe zaidi? Naomba ulinganisho.

Mtunza Baruti:
Mkuu, aanze na umbali. Mkebe wa marisaa ni kopo la bati lililoshindiliwa vigololi vya chuma. Ukitoka mdomoni mwa mzinga kopo linachanika na vigololi vinatawanyika. Ndani ya mita 300 ni balaa tupu. Mita 600 umeunguza baruti ya watu. Tufe la mzinga wa ratili 12, kama kilo 6 kwa ratili ya Kifaransa, bado linaua mita 800 na zaidi.

Halafu kuna kudunda. Mpigaji hodari hakulenga vichwa. Alilaza mzinga ili tufe liguse ardhi mbele ya adui, lidunde bila kupita kimo cha mtu, liguse tena, lidunde tena. Watu wakijipanga safu nyuma ya safu, tufe moja linazipitia zote. Na likishachoka, likawa linabiringika kama mpira wa watoto, ole wake mgeni wa vita anayetaka kulizuia kwa mguu. Mguu unakwenda nalo.

Binti Saadani:
Umesahau matope, kaka. Usiku wa kuamkia tarehe 18 Juni 1815 mvua ilinyesha sana Waterloo, Ubelgiji. Napoleon alianza vita karibu saa 5 na nusu asubuhi, na sababu mojawapo ilikuwa kungoja ardhi ikauke ili mizinga isogezwe na matufe yadunde. Wellington, jemadari wa Waingereza, naye aliwaweka wengi wa watu wake nyuma ya kilima, wengine akawalaza kabisa. Matufe mengi yakaishia kuzama kwenye tope. Kwangu mimi tufe ni silaha ya ardhi kavu.

Mtunza Baruti:
Kombora nalo likizama kwenye tope linapasukia humo humo, dada, na faida yake inapungua. Tena lina utambi: ukikatwa mfupi linapasuka angani kabla ya kufika, ukiwa mrefu linatua likifuka moshi na watu wanapata nafasi ya kulikimbia. Tufe halina cha kuharibika.

Na hayo matope hayakumwokoa François-Antoine Fauveau, askari farasi wa Kifaransa aliyekufa siku hiyo hiyo. Deraya yake, vazi la chuma la kifuani na mgongoni, ipo makumbusho ya jeshi, Musée de l'Armée, Paris. Kifuani upande wa kulia kuna tundu la tufe, chuma kimeingia ndani. Mgongoni kuna jingine, chuma kimechanika kwenda nje. Tazameni picha yake kisha mje mniambie habari za kombora.

Fundi Mawe:
Nyie mnahesabu watu tu, kuta je? Constantinople (Istanbul ya leo) mwaka 1453 ilipigwa kwa mawe ya kuchonga. Charles wa Nane, mfalme wa Ufaransa, alipoingia Italia mwaka 1494 alikuja na matufe ya chuma. Kwa ukubwa ule ule, chuma kinakaribia uzito wa jiwe mara tatu, hivyo mzinga mdogo wa magurudumu ukaweza kazi ya limzinga lisilosogezeka. Kuta ndefu nyembamba zikawa hazifai tena, ndipo Waitaliano wakaja na ngome fupi, nene, zenye pembe. Fort Jesus ya Mombasa (1593–1596) ilichorwa na Mwitaliano, Cairati. Zile pembe hazikuwekwa kwa urembo.

Domo Kaya:
Na baharini? Gibraltar mwaka 1782 Waingereza waliyachoma matufe tanuruni mpaka yakawa mekundu, wakayapigisha meli za mizinga za Wahispania. Ziliteketea. Kombora la nini tena?

Chatu wa Rufiji:
Jamaa kasoma yote. Anasema basi angebeba lile la mvumbuzi Shrapnel: kombora lenye marisaa ndani.

Mtunza Baruti:
Awe Mwingereza kwanza, wao ndio waliokuwa nalo, tangu miaka ya 1803 na 1804. Linafikisha marisaa mbali, sikatai, ila utambi ni ule ule.

Fundi Mawe:
Kilicholimaliza tufe ni mitutu yenye mifuo ya kuzungusha ndani, inayorusha chuma kirefu chenye ncha. Ngome ya Fort Pulaski kule Georgia, Marekani, Aprili 1862, ukuta wa matofali wenye unene wa zaidi ya mita 2 ulitobolewa kwa saa 30 hivi, kutoka umbali ambao watetezi waliamini uko salama.

Chatu wa Rufiji:
Ameuliza tena: huo wa ratili 12 ulivutwa na farasi wangapi?

Mtunza Baruti:
Sita kwa Wafaransa. Makasha ya baruti yana farasi wake.