Hay, Cheltenham au Edinburgh: niende tamasha lipi la vitabu?

BintiKwale: Wakuu, heshima kwenu. Nimejichanga niende tamasha moja la vitabu mwaka huu, na kazini wanataka tarehe za likizo wiki hii. Nayumba kati ya matatu ya huku Uingereza: Hay, Cheltenham na Edinburgh. Nataka waandishi, lakini na wachekeshaji na muziki wawepo, nisishinde kwenye mihadhara kutwa. Lipi lina faida?

MzeeWaRafu: Funguka kwanza, dada. Unaishi wapi? Una gari? Peke yako au na familia? Hay ni mwishoni mwa Mei, Edinburgh Agosti, Cheltenham Oktoba. Bila hayo tutakushauri hewani.

Kalamu77: Hay, wala usisumbuke na mengine. Lipo tangu 1988, kimji kidogo kando ya mto Wye mpakani mwa Wales na England, maduka ya vitabu vya mitumba kila kona. Kuingia uwanjani ni bure, unalipia kikao unachokitaka tu. Mwandishi akishuka jukwaani anakaa mezani, unapanga foleni na kitabu chako anakitia saini.

MamaNasra: Kalamu, mbona husemi kwamba hakuna stesheni ya treni? Unashuka Hereford, halafu basi kwa maili 20 hivi. Mimi nilikwenda na mwanangu. Chumba nilikodi kwa mtu aliyeniambia ni mwendo mfupi tu kwa miguu. Kumbe ni shambani! Kikao cha mwisho kilitoka usiku, basi limeshaondoka, teksi zote zina wenyewe. Tukatembea barabara isiyo na taa wala pa kupita mguu, mvua inanyesha, namulika kwa simu. Kiatu cha mtoto kikabaki topeni, tukakipapasa mpaka tukachoka. Kufika, mlango umefungwa na mwenye nyumba hapokei simu. Tulijibanza kwenye ghala la majani hadi alipoamka. Pesa yangu hakurudisha hata senti.

MzeeWaRafu: Pole sana, mama. Ndiyo maana mimi ni wa Cheltenham. Limeanza 1949, mahema yako katikati ya mji, treni inatoka London Paddington moja kwa moja. Wachekeshaji na watu wa televisheni utawachoka mwenyewe.

Kalamu77: Hapo ndipo linaponiudhi. Mtu wa televisheni anajaza ukumbi mkubwa, mshairi anapewa chumba cha pembeni asubuhi watu hawajanywa chai. Tamasha la vitabu liwe la vitabu.

SautiYaPwani: Ndugu yangu, kwetu tangu lini mshairi na mtumbuizaji wakawa watu wawili? Utenzi unaghaniwa, watu wanatunza. Huyo mchekeshaji ndiye anayelipia hema la mshairi wako, hasa sasa wadhamini wanapoondoka. Mwaka 2024 Hay na Edinburgh ziliachana na mdhamini wao, kampuni ya uwekezaji ya Baillie Gifford, baada ya wanakampeni kupinga uwekezaji wake kwenye mafuta na kampuni zenye uhusiano na Israel.

Kalamu77: Na walifanya vizuri.

MzeeWaRafu: Vizuri, halafu tiketi za watoto atazilipia nani?

SautiYaPwani: Kwa alichouliza dada, mimi nasema Edinburgh. Mchana waandishi, usiku kuna Fringe, tamasha la sanaa za jukwaani, imejaa wachekeshaji mji mzima. Ila vyumba vya Agosti vinapanda bei vibaya, kata mapema.

Kalamu77: Mnakumbuka Nairobi ilivyokuwa na Storymoja Hay? Mshairi wa Ghana Kofi Awoonor alikuja kwa tamasha hilo 2013, akauawa kwenye shambulio la Westgate. Mpaka leo naumia.

SautiYaPwani: Mungu amrehemu. Siku hizi Nairobi kuna tamasha la Macondo, tangu 2019. Nauli ya kwenda nyumbani ingefaa zaidi.

BintiKwale: Samahanini, nilikuwa zamu ya usiku. Niko Leicester, sina gari. Likizo ni Agosti au Oktoba. Naenda na mama yangu, amekuja kunitembelea. Anapenda mashairi mno, Kiingereza chake ni cha kuokoteza.

MamaNasra: Mwanangu, hilo ungelitanguliza! Hay imeshatoka yenyewe.

MzeeWaRafu: Cheltenham basi, mnabadilisha treni Birmingham.

Kalamu77: Kwenye mashairi yapi hapo? Mtafutieni mama washairi kwanza, treni baadaye. Ratiba ikitoka iweke hapa tuipitie jina kwa jina.

SautiYaPwani: Na magoti ya mama yakoje? Edinburgh ni vilima vitupu.