Mafuvu ya wazee wetu yaliyoko Ujerumani: Ikulu izungumze peke yake, au na koo?

Ndugu mmoja ameandika kwamba suala la kurudishwa kwa mafuvu yaliyochukuliwa na Wajerumani enzi za ukoloni ni la serikali mbili tu, ya Tanzania na ya Ujerumani, kwa kuwa utawala wa machifu ulifutwa kisheria mwaka 1963, na kuzipa koo nafasi mezani ni kufufua ukabila. Naiheshimu hofu yake, lakini sikubaliani naye.

Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ikabidhi fuvu la Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, kwa serikali ya Uingereza. Wahehe, wenye mzee wao, hawakutajwa kuwa wapokeaji. Fuvu lilirudi mwaka 1954 kwa mkono wa Gavana Edward Twining wa Tanganyika, wakati vita vya Mau Mau vimepamba moto Kenya, na mimi naamini gavana alikuwa akitafuta utulivu wa nyanda za juu kuliko haki ya marehemu. Hata hivyo fuvu lilipelekwa Kalenga, kwa watu wake, na hadi leo lipo huko.

Tazama na Old Moshi, Kilimanjaro. Mangi (yaani chifu wa Wachaga) Meli alinyongwa tarehe 2 Machi 1900 pamoja na wenzake, na hotuba za kitaifa husema Wajerumani walimwua, jambo ambalo ni kweli. Lakini simulizi za Kilimanjaro zinataja pia mkono wa Mangi Marealle wa Marangu, aliyekuwa karibu na Wajerumani na hasimu wa Meli. Sehemu hiyo inauma, na kiongozi wa taifa anayetafuta umoja ataipita haraka. Wanaoibeba ni wazee wa pale pale. Isitoshe, mwaka 2023 watafiti wa Berlin walipotangaza kwamba baadhi ya mafuvu yana uhusiano wa vinasaba na watu walio hai Kilimanjaro, ulinganisho huo uliwezekana kwa sababu wajukuu walikubali kutoa mate yao yapimwe. Hakuna wizara ambayo ingeweza kutoa mate hayo kwa niaba yao.

Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, mahali walipozikwa wapiganaji wa Majimaji walionyongwa mwaka 1906, akaomba msamaha mbele ya wajukuu zao. Maneno hayo yalikuwa na uzito kwa sababu yalisemwa kaburini, yakasikiwa na wenye kaburi. Kichwa cha Nduna Songea Mbano, kiongozi wa Wangoni aliyenyongwa, ambacho Steinmeier aliahidi kusaidia kukitafuta, ndicho kinachosubiriwa.

Nakubali kwamba jamii nazo si safi. Wandendeule waliwahi kutawaliwa na Wangoni, na Wasangu wanaujua mkuki wa Wahehe, kwa hiyo anayesema "jamii" aseme pia ni jamii ipi, na majirani wasikilizwe. Hilo ni sababu ya kuwaita wengi zaidi mezani, si ya kuwafungia wote mlango. Serikali ibaki na kazi yake ya mikataba, usafiri na gharama. Ukoo uwe na kauli ya mwisho kuhusu kupima, kuonyesha na kuzika.

Nami namwuliza ndugu yangu: sanduku likishushwa uwanja wa ndege, na wakubwa wakimaliza kupiga picha, ni nani serikalini atakayejua lizikwe wapi, na ni maneno gani mzee huyo anapaswa kuambiwa anapoingizwa nyumbani?