Tupeane uzoefu: nusu marathoni, kilomita tano za mwisho zinapotelea wapi?

#1
Wakuu, habari za mazoezi. Hapa ni kwa waliokwisha kumaliza nusu marathoni moja au mbili na sasa wanataka kupunguza muda. Kilio ni kilekile: hadi kilomita ya 16 mtu yuko vizuri, halafu miguu inageuka magogo na muda wote aliouokoa mwanzoni unayeyuka. Wanaofundisha wakimbiaji wapya, tuwekeeni vitu vya kupimika.

Naanza na hesabu. Umbali ni kilomita 21.0975. Anayetaka kumaliza kwa saa 2 anahitaji wastani wa 5:41 (dakika 5 na sekunde 41) kwa kilomita. Wa saa 2 na dakika 15 ni 6:24. Wa saa 2 na nusu ni 7:07. Ila saa ya mkononi mara nyingi husoma kama 21.3 mwishoni, kwa sababu njia hupimwa kwa kufuata mstari mfupi kuliko yote kwenye kila kona, na wewe unakimbia katikati ya watu. Kwa hiyo wa saa 2 aione 5:38 kwenye saa yake. Akitegemea 5:41 atachelewa dakika nzima huku akiamini yuko ndani ya muda.

#2
Zinapotelea kwenye siku za mazoezi mepesi, wiki nyingi kabla ya mbio. Mkimbiaji mpya hukimbia kila siku kwa mwendo mmoja wa katikati: mkali mno kumruhusu apone, mpole mno kumjengea kasi. Anayemaliza kilomita 10 kwa dakika 60 anapaswa siku nyepesi kwenda 7:00 hadi 7:40, na kwenye mlima atembee kama pumzi inampanda. Kipimo ni mdomo: useme sentensi nzima bila kuikata ili uheme.

Watu hawaamini kwamba kwenda polepole kunaleta kasi, lakini kazi inafanyika ndani. Mishipa midogo ya damu kwenye misuli inaongezeka, na misuli inazoea kuchoma mafuta zaidi ili akiba yake ya wanga isiishe mapema. Tena moyo na mapafu huitikia mazoezi ndani ya wiki chache, ilhali kano na mifupa huchukua miezi. Ndiyo maana mtu huumia wakati uleule anaojisikia ana nguvu kuliko siku zote.

Siku nne kwa wiki zinatosha. Jumanne kilomita 6 nyepesi, ukimalizia na michomoko 6 ya sekunde 20 (kasi nzuri, bila kukaza mabega), ukitembea dakika moja kati yake. Alhamisi zoezi gumu, kama kilomita 8 ukijumlisha kupasha mwili. Jumamosi 5 nyepesi. Jumapili mbio ndefu: anzia 10, ongeza 1 au 2 kila wiki, kila wiki ya nne punguza theluthi, hadi ufike 18. Kosa kubwa ni kukimbia 18 Jumapili wakati wiki nzima ina 25 tu. Mbio ndefu ikizidi nusu ya kilomita za wiki, mwili unabeba mzigo ambao siku nyingine hazikuuandaa.

#3
Naunga mkono #2, naongezea hiyo Alhamisi. Wengi hukimbilia mita 400 za kufa na kupona kwa sababu zinasisimua. Kwa nusu marathoni kinachofaa ni dakika 10 mara 3, kwa kasi ambayo ungeweza kuishikilia kama saa nzima, ukijongea polepole dakika 2 kati yake. Baada ya wiki kadhaa iwe dakika 20 mara 2. Ya mwisho ikiwa ya polepole kuliko ya kwanza, ulianza kwa pupa, na siku ya mbio utafanya hivyohivyo. Wiki tatu kabla, kimbia 16, tano za mwisho kwa kasi ya mbio. Hilo zoezi moja linafundisha miguu iliyochoka kushika mwendo, na kwangu ndilo lenye thamani kuliko yote.

#4
Huyo wa dakika 60 kwenye kilomita 10 alenge ngapi?

#5
@#4 Kuna kanuni ya Riegel ya kukadiria muda wa mbio: gawanya umbali mpya kwa wa zamani, jibu ulipandishe kwenye kipeo cha 1.06, zidisha kwa muda wa zamani. Inatoa takriban saa 2 na dakika 12. Lakini inadhani umejiandaa kwa umbali huo mrefu. Wa chini ya kilomita 30 kwa wiki ajiongezee dakika 3 hadi 6. Tuseme 2:15. Kilomita 3 za kwanza aende 6:35 hata kama kila mtu anampita, kisha 6:24 hadi ya 16, na zilizobaki 6:18. Anayeanza kwa 6:00 anachoma wanga haraka zaidi, na sekunde 24 anazookoa kwa kilomita huzilipa mara mbili au tatu mwishoni. Jua likiwa kali, lengo lishuke kabla ya kuanza, si katikati ya njia.

#6
Tumbo nalo linaiba dakika. Kula saa 2 au 3 kabla, wanga gramu 1 hadi 2 kwa kila kilo ya uzito wako, mafuta na nyuzinyuzi kidogo. Njiani ni gramu 30 hadi 60 kwa saa. Jeli moja (kipakiti cha wanga laini cha wakimbiaji) mara nyingi ina 20 hadi 25, basi ya kwanza dakika ya 35, kisha kila nusu saa, kabla hujahisi njaa. Iteremshe na maji matupu. Ukiichanganya na kinywaji cha sukari, utumbo unapokea sukari nzito kuliko uwezo wake, unavuta maji, na unaanza kutafuta choo. Kila kitu kijaribiwe kwenye mbio ndefu za Jumapili.

Na tafadhali, kunywa kwa kiu. Kunywa kupita kiasi hushusha chumvi kwenye damu: kichwa kuuma, kutapika, kuchanganyikiwa. Hiyo ni dharura ya hospitali.

#7
Maumivu ya muundi yasichukuliwe kwa ujumla. Bonyeza kwa kidole. Yakisambaa urefu wa kiganja pembeni mwa mfupa na kupoa ukishapata joto, punguza kilomita kwa nusu na uinuke kwa vidole vya miguu, mara 15, seti 3, siku tatu kwa wiki. Yakiwa sehemu moja ndogo juu ya mfupa, yanazidi ukikimbia au yapo hata ukiwa umelala, acha kukimbia ukapigwe picha. Huo unaweza kuwa ufa.

#8
Viatu: nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu, maana mguu huvimba. Kucha nyeusi ni kiatu kifupi au kamba legelege mteremkoni. Usivae vipya siku ya mbio.

#9
Siku 10 za mwisho punguza kilomita karibu nusu, ila michomoko ibaki. Miguu huwa mizito katikati ya wiki hiyo, watu wanaingiwa na hofu na kwenda kujipima kwa kilomita 15. Msifanye hivyo. Mwenye homa au maumivu ya kifua asianze kabisa. Baada ya mbio, wiki moja ya kutembea na kukimbia kidogo, ya pili nyepesi tupu, na zoezi la Alhamisi lirudi wiki ya tatu.