Pesa za utafiti Kigoma: mchikichi peke yake, au na miti yetu ya porini?

Mwisho_wa_Reli
Wakuu, tulijadili hili bila kuogopana. Tangu Majaliwa, akiwa Waziri Mkuu, alipolivalia njuga zao la michikichi mwaka 2018, hapa mkoani ukitaja utafiti watu wanaelewa chikichi. Kuna kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kihinga, kuna mbegu chotara za tenera, kuna miche. Vizuri. Lakini mkurungu, mti wetu wa mbao wa porini? Umepasuliwa Uvinza ukapakiwa kwenye malori, hadi mwaka 2019 ukaingizwa kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, ya miti ambayo biashara yake ya nje lazima idhibitiwe. Nani hapa anaweza kuniambia mkurungu ukipandwa leo Uvinza utatoa mbao mwaka gani? Fedha ya umma itengwe kila mwaka kwa miti ya asili, tusiwaachie wafadhili wa miradi ya kulinda sokwe kazi hiyo. Mchikichi wenyewe ni mgeni tu hapa, ulitoka magharibi huko.

MamaMise
Mgeni?? Mimi nimesomeshwa kwa mawese, na mise, zile kokwa za chikichi, ndiyo iliyonunua mabati ninayolala chini yake. Burton na Speke walipofika Ujiji mwaka 1858 mawese yalikuwa yanauzwa sokoni. Mgeni gani huyo?

Mwisho_wa_Reli
Shikamoo mama. Sijasema ukatwe. Nimesema asili yake ni Afrika Magharibi na Kongo, ulisogea hadi huku.

MamaMise
Marahaba. Na sisi watu wa Kigoma tukifika Dar tunaulizwa kama ni Warundi au Wakongomani. Kitambulisho tunakizungukia miaka. Leo hata mti wetu unadaiwa uraia, na anayeudai ni kijana wa hapahapa!

FundiWaMwanga
Mama kamaliza. Mwembe nao ulitoka India, tuuondoe Ujiji? Ile miembe ya barabara ya watumwa?

Mwisho_wa_Reli
Jamani, mada ni bajeti ya utafiti.

FundiWaMwanga
Mada umeiharibu mwenyewe. Halafu hiyo miti ya asili haipandiki. Jirani yangu alipanda mninga, masika ukachipua vizuri, kiangazi ukakauka hadi chini. Akang'oa akapanda mtiki. Mimi ni seremala, naupenda mninga kuliko wewe, ila mteja hawezi kusubiri kitanda mpaka wajukuu wazae.

Msitu_ni_Mali
Fundi, huo mninga haukufa. Mche wa mninga hufa juu kila kiangazi na kuchipua tena mvua zikinyesha, huku chini mzizi unanenepa. Unaweza kufanya hivyo miaka mingi kabla haujasimama ukawa mti. Ndiyo tabia yake, ni mti uliozoea moto. Kujua namna ya kuufupishia hiyo miaka ndio utafiti wenyewe unaoombwa hapa, na TAFORI, taasisi ya taifa ya utafiti wa misitu, ipo kisheria tangu 1980 kwa kazi kama hiyo.

FundiWaMwanga
Ipo Morogoro.

Kaliua_Kwetu
Mimi ni jirani yenu wa Tabora, niruhusuni. Kwetu mabani ya kukaushia tumbaku yanakula kuni kupita maelezo. Watafiti wa kituo cha Tumbi, hapa Tabora, walijaribu mkesia kutoka Australia, *Acacia crassicarpa*, unakua haraka na kuni zake mkulima anazipata shambani kwake. Kwa hiyo mti wa kigeni unaweza kuuepusha mtundu, mti wa asili wa porini, na shoka. Mleta mada anataka kuchagua asili au kigeni, wakati mkulima anataka kuni.

Mwisho_wa_Reli
Kaka wa Kaliua, mkoa uliomaliza msitu kwa ajili ya tumbaku hauna la kutufundisha.

Kaliua_Kwetu
Nimekuletea hoja, unanitukania mkoa. Haya.

Mtongwe_wa_Kalya
Mnabishana mti gani wa nani, na jambo kubwa mmelipita. Utafiti wa mimea ya asili Kigoma umeshafanyika, tena wa kusifika duniani. Tuulizane nani alifaidika.

MamaMise
Ule wa sokwe aliyekula dawa? Si ulikuwa Gombe kwa Jane Goodall, miaka ya tisini?

Mtongwe_wa_Kalya
Hapana mama, ulikuwa kwenye milima ya Mahale, kusini huku kwetu, mwaka 1987. Sokwe jike aitwaye Chausiku alikuwa mgonjwa, mnyonge, hali kitu. Akavunja tawi la mjonso, mmea mchungu sana, akamenya, akatafuna kile kiini kichungu cha ndani. Kesho yake akaanza kurudi katika hali yake. Waliokuwa wakimfuata walikuwa wawili: Huffman, mtafiti kutoka nje, na Mohamedi Seifu Kalunde, mtu wetu. Kalunde ndiye aliyeujua mjonso kuwa dawa, maana sisi Watongwe, wenyeji wa Mahale, tunautumia kwa homa na minyoo. Bila yeye, yule mwingine angeona sokwe anakula majani tu. Waliandika pamoja mwaka 1989, kisha maabara za Japani zikachambua kemikali zake. Tafuteni sasa kijana mmoja Buhingu au Kalya, vijiji vya jirani na Mahale, anayejua jina la Kalunde.

FundiWaMwanga
Kumbe. Hili sikulijua.

Bajeti_Kwanza
Hadithi nzuri, lakini halmashauri zina zahanati zisizo na maji. Utafiti ni kazi ya serikali kuu na COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Wakuu wa Afrika waliahidi asilimia 1 ya pato la taifa kwa utafiti, hilo ndilo la kudai.

Mtongwe_wa_Kalya
Ahadi hiyo ya juu haitafika Kalya kwa mtumbwi. Wazee wetu walihamishwa milimani wakati wa operesheni vijiji, mwaka 1985 Mahale ikawa hifadhi. Wanaokumbuka kila mti kwa jina la Kitongwe, ulipo, unaliwa lini, unatibu nini, ni wazee sana. Pia wanajua uyoga unaotoka chini ya mtundu. Wanasayansi wanasema mizizi ya mtundu na uyoga huo hulishana, ukikata mti umeukosa na uyoga. Bibi yangu alilisema hilo bila darubini. Msitenge fedha ya jengo. Lipeni wazee wakae na wanafunzi wa misitu msituni, vielelezo vipelekwe hifadhi ya taifa ya mimea iliyokaushwa kule Arusha vikiwa na majina yao.

MamaMise
Hapo nakuunga mkono, mwanangu. Wala hujamwita mtu mgeni.

Mwisho_wa_Reli
Naliafiki. Sehemu ya ushuru wa mazao ya misitu wa halmashauri iende huko. Mkurungu ulipoondoka, hela ilikusanywa. Irudi porini.

Bajeti_Kwanza
Na posho ya mzee asiye na cheti mtaiweka kifungu gani? Mkaguzi ataikataa.

Mtongwe_wa_Kalya
Kifungu cha wataalamu. Na asilipwe pungufu ya huyo mwenye shahada anayemfuata nyuma na daftari.

Bajeti_Kwanza
Andikeni hivyo kwenye barua kwa diwani kabla ya vikao vya bajeti. Mimi nitaisoma kwanza, nirekebishe mahesabu.